Mwiko wa Mwanakheri

Kila asubuhi Mzee Shaweji huufuta vumbi mwiko ambao marehemu mkewe, Mwanakheri, alimpigia kichwani katika filamu zao zote za vichekesho. Leo hajamaliza, hodi ikapigwa. Alikuwa Nuru, mwongozaji kijana.

"Tunazitengeneza upya filamu zenu, babu, na vijana wa leo nao wacheke. Wa kuigiza mkeo tumempata. Hodari, hakosei hata neno."

Mzee alimpa mwiko, lakini vidole vikakataa kuuachia.

"Mwanakheri alinigombeza sana kwa kusahau maneno. Kipande kimoja tulikirudia mara kumi na mbili."

"Kumbe usahaulifu ulikuanza ujanani!" Nuru alicheka.

Mzee hakucheka. Aliutazama mwiko.

"Sikusahau hata neno, Mwanakheri. Nilitaka tu turudie."