Tokto

Fundi seremala alikuwa na mazoea yake: msumari haukuzidi mapigo mawili. Hata leo, juu ya jeneza la dada yake, mikono haikusahau kazi. Tok, tok.

Hapo akaganda, nyundo hewani.

Utotoni, baba yao alipomfungia mmoja wao stoo, mwingine alikaa nje akigonga mlango mara mbili. Aliyekuwa gizani naye alijibu mara mbili. Walipojitungia lugha yao, watu wazima wasiambulie kitu, mlio huo ndio uliozaa neno "tokto". Ndiyo "na" yao: mimi tokto wewe.

"Malizia, mwanangu," mama yao alisema. "Gari linasubiri." Vidole vyake vilikuwa vikipapasa pindo la nguo, pale pale alipokuwa akiufunga zamani ufunguo wa stoo ile.

Ulikuwa umebaki msumari mmoja. Akaupiga: tok, tok. Kisha akapiga magoti, akabandika sikio kwenye mbao mbichi zilizonuka gundi.

"Sasa unasikiliza nini?"

"Nyamaza, mama," alisema. "Ni zamu yake."