Vikombe vya Kifuniko cha Njano

Mkurugenzi aliweka kikombe cha plastiki chenye kifuniko cha njano mezani, mbele ya Kipara, watu wote wakiwa kikaoni.

"Kojoa humu. Jana ulisinzia kazini."

Kipara alikuwa teja zamani. Sasa kazi yake pale kwenye kituo cha tiba ilikuwa kuwashika mkono wanaoacha unga. Alisinzia kwa sababu alikesha na mgonjwa aliyetaka kutoroka. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu alikodolea macho kile kifuniko cha njano utadhani ndicho kitakachosema.

"Dada, yaishe," Kipara alimnong'oneza msimamizi wake huku akiinuka. "Nakojoa tu, nisije nikapoteza kazi."

"Kaa chini, kaka."

Msimamizi alihisi masikio yakiwaka moto. Alikwenda kabatini, akarudi na boksi zima, akaanza kugawa vikombe kama anayegawa chai: kwa daktari, kwa mhasibu, kwa mpishi, kimoja akajiwekea mwenyewe.

"Nini hii?" mkurugenzi alifoka.

"Juzi daktari alikoroma hapa hapa, hukumletea chombo."

"Daktari hajawahi kuwa teja!"

"Tutajuaje, naye hajapimwa?"

Daktari alicheka kwa pua, akachukua kikombe chake, akasimama.

Kilibaki kimoja. Msimamizi alikifungua, akakisukuma taratibu hadi kikagusa vidole vya mkurugenzi.

"Choo kiko kushoto, mkubwa. Kipara atapimwa wa mwisho, baada yako."