Kumwachisha Ziwa

Kabla ya kupambazuka nilisikia kisu kikikwangua jani la mshubiri jikoni, gizani. Mama alikuwa ananiandalia dawa ya kumwachisha mwanangu ziwa.

"Jipake sasa," aliniambia. "Basi la Sirari halimsubiri anayenyonyesha. Au umeghairi kazi ya Wakenya?"

"Sijaghairi, Mama."

Niliitaka kweli. Kiwanda cha minofu ya sangara kule Kisumu kilikuwa kinatafuta wanawake, na Kiingereza changu cha darasa la jioni huenda siku moja kingenifikisha ofisini. Lakini Kamugisha, na miaka yake miwili, alikuwa hajawahi kulala bila kunyonya. Bila yeye kuacha ziwa, nisingeweza kuondoka.

Nilijipaka ule utomvu. Ulikuwa wa baridi, ukanata kifuani.

Kamugisha akaamka, akanipanda mapajani, akafungua mwenyewe kifungo cha blauzi yangu kama alivyozoea. Alivuta mara moja tu. Akakunja uso, akatoa ulimi, akanitazama.

Nilifungua mikono nikingoja alie.

Hakulia. Alishuka taratibu, akaenda kwa mama yangu, akashika kitenge chake.

"Bibi, nataka uji."