Mtandio wa Kuswalia

"Mbona chawa hawaondoki nyumbani kwako, Bi Mize?" jirani alimuuliza siku moja. Bi Mize, aliyelea watoto wa watu, akaona jina lake linaharibika. Akamkamata Rukia, mmoja wa watoto hao, akamnyoa kwa wembe mbele ya wenzake.

"Kipara ngoto!" wakamzomea.

Mama yake alipokuja kumchukua, Bi Mize alimwambia, "Mchafu ni huyu wako."

Mama alikuwa akiwatazama wasichana wakifundishwa kuswali, wakipokezana mtandio mmoja. Aliuchukua, akaukunjua dirishani. Chawa walikuwa wakitembea kwenye pindo.

"Huu wanavaa wote?"

"Wote. Ni wangu. Rukia tu nilimkataza tangu mwezi uliopita, asiwaambukize wenzake."

Mama akamfunika nao Bi Mize kichwani, taratibu, kama anayempamba bibi harusi. Akamshika mwanawe mkono, akatoka.