Mlinzi wa Minana

Fabien alimkata nyoka kichwa kwa panga kabla hajavifikia viota. Kisha akaketi chini ya mchikichi wa kaka yake, akihema, akawasikiliza makinda wakilia juu. Walikuwa salama wote. Alifurahi kama baba aliyeambiwa mtoto wake amepona.

Huruma hakuwa nayo hata chembe. Baba yao alipofariki, Patrice, mkubwa wake, alishika michikichi yote ya Lweba bila kueleza neno, akarudi zake Kilembwe. Fabien, mwenye watoto wa kulisha, hakuachiwa hata mti mmoja. Mawese ya kupikia alinunua sokoni kama mgeni. Jambo hilo lilimkaa kooni, halimezeki wala halitemeki.

Ndipo minana walipokuja. Ndege hao wa manjano huchana majani ya mchikichi uzi kwa uzi wasuke viota, na haba na haba hujaza kibaba: mti ukibaki fito tupu, hauzai tena. Fabien akaona kisasi chake kimekuja kwa mabawa.

Basi akawalinda. Watoto wenye manati aliwafukuza. Upepo ulipoangusha kiota, alipanda akakifunga tena kwa kamba, makinda wakiwa ndani, uchi, macho yamefumbwa, midomo wazi. Kumbikumbi aliwamwagia karibu, mama zao wasihangaike mbali. Manyoya yakaota, mabawa yakapata nguvu, na madume wakazidi kuchana na kusuka, hadi miti ikabaki fito tupu.

"Mukule, mukomae," aliwaambia kila asubuhi. "Mumumalize Patrice."

Hata pombe aliiacha, maana mlevi halindi kitu. Kanisani wakamsifu kwa upole wake, naye akacheka kichinichini.

Siku moja Patrice akashuka kutoka Kilembwe, akafikia moja kwa moja kwa Fabien, pamoja na wazee wa ukoo. Shambani alikuwa hajapita. Fabien aliwapa viti kwa furaha. Alitamani sana kuuona uso wa kaka yake atakapoitazama miti.

"Mudogo wangu," Patrice akasema, "nilikunyima ile miti ya baba juu ya pombe. Niliogopa utaikunywa yote, batoto balale njaa. Lakini batu bananiambia namna unachunga vitoto vya ndege, na pombe uliacha. Mutu wa roho ile, nitamukatalia nini?"

Akamshika mkono mbele ya wazee.

"Tangu leo miti yote ni yako. Twende, unionyeshe."