Dirisha la Mama Kola

Ulimwona, ukajifanya unatia uzi kwenye sindano ya mashine.

Jasho lilimtiririka Mama Kola hadi kidevuni, likadondokea shati jeupe alilokuwa akilishona. Tulimpa jina hilo kwa sababu ndiye aliyetufundisha sote kushona kola. Aliomba dirisha lifunguliwe. Msimamizi akakataa, eti vumbi litachafua vitambaa.

"Homa gani hiyo ya kila siku, mama?" akauliza.

"Si homa, mwanangu. Nimekoma hedhi."

Wengine mkacheka chini kwa chini.

"Basi na kazi ikome. Umri umekutupa mkono. Vua aproni."

Hakuvua. Alitandaza vidole vyake juu ya lile shati, vimejaa sugu za mkasi, na hakuna hata kimoja kilichotetemeka.

"Neno lenyewe, komahedhi, linataja kilichokoma: hedhi. Waliolitunga hawakusema mikono. Hawakusema akili."

Msimamizi akamkamata bega amtoe nje. Mama Kola akageuka, akakutazama wewe.

Yule mpiga pasi alipofukuzwa mwaka juzi kwa jasho hilihili, ulikuwa unatia uzi vilevile. Sindano yako ina uzi tayari. Simama sasa, ufungue dirisha!