Matawi Mabichi Njiani

Mzungu alishuka garini, akaokota tawi la kwanza na kulitupa porini.

Generoza aliyakata matawi yale mwenyewe na kuyapanga barabarani. Nyuma ya kona lori la mkonge lilikuwa limeharibika, na baba yake alikuwa amelala uvunguni akilitengeneza, miguu yote miwili ikiwa nje, njiani. Dereva yeyote wa huku akiona majani mabichi hupunguza mwendo, maana anajua mbele kuna gari bovu. Mgeni huyu hakujua.

“Toto, kuni yako hapana weka hapa,” alisema akicheka, akatupa la pili.

“Shikamoo, bwana,” Generoza alinong’ona. Alifumba na kufumbua viganja vyake, vilivyokuwa bado vinanata utomvu.

Tawi la mwisho likaruka. Mzungu akajipangusa mikono, akaingia garini na kuliwasha kwa kishindo, kama mtu aliyechelewa.

“Bwana, baba yangu…” Sauti yake ilimezwa na ngurumo.

Gari likaanza kusogea. Generoza akakimbilia katikati ya barabara, akaketi pale pale lilipokuwa tawi la kwanza.

Honi ikalia. Hakuinuka.